Mjadala: Shary Bobbins wa The Simpsons ni wizi wa Mary Poppins au ni jibu lake?

Mwanakatuni (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nimechoka kusikia kwamba waandishi wa The Simpsons, ile katuni ya televisheni ya Marekani, waliishiwa wakaamua kuiba Mary Poppins, filamu ya Disney ya yaya wa miujiza. Tulijadili kwa hoja leo.

Kwa waliosahau: ni ile sehemu iliyorushwa Februari 1997, msimu wa nane. Marge, mama wa familia, kazi za nyumba zimemzidi mpaka nywele zinamnyonyoka, familia inaamua kutafuta yaya. Wanawe Bart na Lisa wanaimba sifa za yaya wanayemtaka, mara anashuka kutoka angani mama wa Kiingereza kwa mwavuli. Homer, baba wa nyumba, anadhani amesikia jina Mary Poppins. Yule mama anakana kabisa: yeye ni Shary Bobbins, kazi halisi isiyonakiliwa popote, kama walivyo Rickey Rouse na Monald Muck (yaani Mickey Mouse na Donald Duck wa Disney waliogeuzwa herufi).

Msimamo wangu ni huu. Filamu ya Mary Poppins ya 1964 inasema familia iliyovurugika inaweza kunyooshwa na mgeni mmoja mwenye nidhamu na nyimbo nzuri. Bwana Banks, mtu wa benki asiye na muda na wanawe, mwisho anatoka nao kurusha tiara. The Simpsons wakaichukua hadithi ile ile wakaipeleka kwa Homer. Mgeni kaja, kaimba, kafundisha, na familia ikarudi palepale. Anayevunjika ni mgeni. Huo si wizi, ni ubishi na filamu yenyewe, kwa lugha ya filamu yenyewe. Nawasilisha.

Mtoro wa Pangani
Mleta mada umepamba maneno. Mimi ule wimbo wa ndege sitawasamehe. Kwenye filamu kuna bibi kizee amekaa kwenye ngazi za kanisa la St Paul's pale London, anauza chakula cha ndege kwa senti mbili mfuko. Wimbo wa taratibu, unaingia moyoni. Walt Disney mwenyewe aliupenda kuliko nyimbo zake zote. Hawa wakauchukua wakamweka Barney, mlevi, anaomba pombe. Kuna vitu haviguswi.

Kijana wa Tabata
Sasa Mtoro unamlilia bibi wa kwenye filamu? Ni katuni, kaka. Katuni ni za watoto, tusigombane.

Mwanakatuni
Kijana, katuni ya watoto ina mlevi anayeomba pombe kwa kuimba? The Simpsons imeanza Desemba 1989 na tangu siku ya kwanza ilikuwa ya watu wazima wanaolipa kodi ya nyumba. Ukisema ya watoto unaonyesha hujaitazama.

Mtoro, wewe nakuheshimu. Lakini sikiliza wimbo ule wa Barney tena. Bibi wa ndege alikuwa maskini tunayepita bila kumwona, na filamu ikatuambia tumwone. Barney naye ni mtu wa aina hiyo hiyo mtaani, kasoro yeye hana sura ya kuonewa huruma. Nani kasema maskini mwenye njiwa anastahili wimbo na mlevi hastahili?

Mtoro wa Pangani
Usinitie maneno mdomoni. Sijasema mlevi hastahili wimbo. Nimesema watunge wa kwao! Ndugu wawili wa Sherman walikaa wakatunga zile nyimbo, filamu ikapata Oscar 5 kati ya 13 ilizopendekezwa, halafu mtu mwingine anabadili maneno anachekesha watu na kulipwa.

Wakili wa Mtaani
Nisaidie upande wa sheria, maana tukio lilikuwa Marekani na kule suala hili lilikwishaamuliwa. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika shauri la Campbell dhidi ya Acuff-Rose. Kundi la rap la 2 Live Crew lilichukua wimbo wa Roy Orbison, "Oh, Pretty Woman", likaugeuza kuwa mzaha. Majaji wote walikubaliana kwamba mzaha unaweza kuruhusiwa hata kama unauzwa.

Lakini wengi mnaishia hapo. Mahakama ilitenganisha mambo mawili. Ukiichukua kazi ya mtu ili kuisema kazi hiyo hiyo, una nguvu. Ukiichukua ili kusema jambo jingine kabisa, kwa sababu tu inajulikana na itakupa watazamaji haraka, utetezi wako unapungua. Kwa hiyo swali la kweli ni moja: Shary Bobbins anaisema Mary Poppins, au anatumika tu kuwasema Homer na Wamarekani? Maana wimbo wake wa kusafisha chumba unafundisha watoto kulipua kazi, na anasema wazi kwamba huo ndio mtindo wa Kimarekani. Hapo anayesemwa ni nani?

Bi. Nyota ya Kusini
Mimi nilisikia Julie Andrews, aliyeigiza Mary Poppins kwenye filamu, ndiye aliyeingiza sauti ya Shary Bobbins. Kama mwenyewe alikubali, ninyi mnabishana nini?

Mwanakatuni
Hapana dada yangu. Sauti ile ni ya Maggie Roswell, yule yule anayeingiza sauti ya Maude Flanders, jirani yao kina Homer.

Bi. Nyota ya Kusini
Haya, lakini anayeumia zaidi ni P. L. Travers, aliyeandika vitabu vya Mary Poppins tangu 1934. Yule mama hata filamu ya Disney hakuipenda, hasa pale walipoingiza vikatuni katikati. Kama ile ya kupambwa hakuipenda, hii ambayo mwishoni yaya wake anavutwa na injini ya ndege angeisemaje?

Mwanakatuni
Travers alifariki Aprili 1996, sehemu hii ikatoka Februari iliyofuata. Hakuiona. Ila umenisaidia. Mary Poppins wa vitabuni ni mkali, anajisikia, hajielezi kwa mtu. Disney ndiye aliyemlainisha. Kwa hiyo hata filamu tunayoitetea hapa ilishabadilisha kazi ya mtu mwingine, na mwenye kazi akanung'unika. Mbona hiyo hamuiti wizi?

Mtoro wa Pangani
Kwa sababu walilipa! Disney alimbembeleza yule mama miaka na miaka mpaka akakubali kwa mkataba. The Simpsons walibembeleza nani? Usilinganishe aliyebisha hodi na aliyepita dirishani.

Wakili wa Mtaani
Swali langu bado lipo pale pale.

Baba Neema
Habari za jioni wakuu, nimesoma uzi wote. Mimi nisiwachoshe na sheria. Napenda Mary Poppins kwa sababu inaonyesha mlezi wa kweli alivyo: msafi, mwenye adabu, watoto wanatii. Hawa mabinti wetu wa kazi wa siku hizi ndio hao hao kina Shary Bobbins, wavivu, kazi nusunusu, simu mkononi kutwa. Katuni imesema kweli tupu.

Shangazi wa Magomeni
Baba Neema, hapo umenigusa pabaya. Mimi nimelelewa na mama aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu mpaka magoti yakaisha. Alikuwa anaamka kabla ya mwenye nyumba na kulala baada ya sufuria ya mwisho kuoshwa. Huyo unayemwita mvivu anaamka saa ngapi kwako?

Baba Neema
Shangazi, sijamsema mama yako. Nimesema wa siku hizi.

Shangazi wa Magomeni
Wa siku hizi ni wajukuu wa mama yangu. Na kama unaitumia ile sehemu kama ushahidi, itazame vizuri. Wimbo wa watoto wa Homer unaitwa "Minimum Wage Nanny". Yaani wanaorodhesha upole, msaada wa hesabu, msaada wa ripoti za vitabu, vyote hivyo kwa kima cha chini cha mshahara! Waandishi waliliona hilo, wewe hukuliona. Mtu akilipwa kima cha chini akifanya kazi ya kima cha chini, nani kakosea?

Kijana wa Tabata
Shangazi umemaliza mchezo. Hata mwisho wake ni huo: yule mama kahangaika na familia isiyobadilika, anaishia kwenye kochi amekata tamaa, wao wanamwimbia kwamba wanafurahi walivyo. Anaondoka angani kwa mwavuli, Lisa anauliza kama watamwona tena, Homer anamwambia ana hakika watamwona, na papo hapo nyuma yao injini ya ndege inamvuta. Hakuna aliyegeuka kutazama. Ndivyo wafanyakazi wa ndani wanavyoondoka kwenye nyumba nyingi.

Mtoro wa Pangani
Na mnaona hicho ni kichekesho? Binti yangu alilia pale.

Mwanakatuni
Binti yako alilia kwa sababu alimpenda Shary Bobbins. Mtu hamlilii mwigaji. Hiyo ndiyo hoja yangu tangu mwanzo: walimjenga akawa mtu.

Na jambo moja hamjaligusa. Machi 2019 Disney walikamilisha kuinunua 21st Century Fox, kampuni iliyokuwa na The Simpsons, kwa dola takriban bilioni 71. Mwenye Mary Poppins leo ndiye mwenye The Simpsons. Ule mzaha wa Rickey Rouse ulikuwa na makali kwa sababu ulirushwa kutoka nyumba ya jirani. Leo wote wako chini ya paa moja, unawatazama kwenye huduma ile ile ya Disney. Naogopa kwamba mwandishi akileta wazo la namna ile leo, anamwomba ruhusa mtu yule yule anayetaka kumsema. Hilo linanitia hofu kuliko wizi wowote mnaoutaja.

Bi. Nyota ya Kusini
Si ndiyo afadhali? Sasa wimbo wa ndege uko salama.

Wakili wa Mtaani
Mwanakatuni, hapo umegusa kitu kizito. Ile hukumu ya 1994 inamlinda mtu asiye na ruhusa. Ikiwa mwenye mali na mwenye mzaha ni mmoja, mzaha hauhitaji ulinzi, na labda hauhitaji ujasiri.

Baba Neema
Mimi nirudi kwa Shangazi, maana ameniacha na picha mbaya mbele ya watu. Binti wangu anakula chakula tunachokula sisi, analala ndani, nguo namnunulia sikukuu.

Shangazi wa Magomeni
Chakula na kitanda si mshahara, Baba Neema. Yule Mary Poppins unayemsifu aliingia nyumbani kwa Bwana Banks akamwambia hana tabia ya kutoa barua za wadhamini, kisha akawapa wao wiki moja ya majaribio. Mfanyakazi anampa tajiri muda wa majaribio! Binti wako akikwambia hivyo kesho asubuhi, atafika saa nne bado yuko kwako?

Baba Neema
Ile ni filamu.

Shangazi wa Magomeni
Wewe ndiye uliyeileta hapa uwapimie watoto wa watu adabu.

Mtoro wa Pangani
Jamani, tulikuwa kwenye hakimiliki.

Kijana wa Tabata
Mtoro tulia kwanza, hapa pamenoga. Baba Neema, ana siku ya mapumziko kwa wiki?

Baba Neema
Jumapili anakwenda kanisani.

Shangazi wa Magomeni
Kwenda kanisani na kurudi kupika mchana si mapumziko. Tangu 2011 Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wake, namba 189, unaosema mfanyakazi wa ndani apate saa zisizopungua 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Mfululizo, baba. Nimekuuliza anaamka saa ngapi, hukunijibu. Sasa nakuongezea la pili: mwezi uliopita mshahara wake ulimpa tarehe ngapi?