Kufuta tatuu: leza ya nano, leza ya piko, kufunika au kukata? Naomba ulinganisho, niko Mwanza

Nyegezi Juu
Wadau, habari za jioni. Mdogo wangu ana tatuu kwenye mkono, chini kidogo ya kiwiko: jina kwa wino mweusi, na pembeni ua jekundu lenye majani ya kijani. Anataka kuomba kazi polisi, na matangazo yao ya ajira husema wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Tumeulizia kuanzia Kirumba hadi Igoma tukarudi na majibu yanayopingana. Mmoja anasema leza ya kawaida inatosha, mwingine anasema tusikubali ila ile mpya ya piko. Fundi mmoja anashauri afunike kwa mchoro mwingine. Yupo aliyetaja upasuaji mdogo, na yupo jamaa sokoni anauza dawa ya kupaka inayochuna. Nisaidieni kulinganisha, hela yenyewe ni ya kudunduliza.

Nesi Mstaafu
Ndugu yangu, hiyo dawa ya kuchuna itoe kwenye orodha kabla hatujaendelea. Wino wa tatuu haukai juu. Umelala kwenye tabaka la ndani la ngozi, chini ya lile linalojibadilisha kila baada ya wiki chache, ndiyo maana hautoki kwa kusugua. Ili asidi iufikie, lazima kwanza iunguze ngozi yote iliyo juu yake. Kinachofuata ni kidonda, halafu kovu, na kwa sisi weusi kovu hilo ni rahisi kuvimba likawa keloidi. Zile krimu zisizounguza nazo hazifiki chini. Zinababua rangi ya ngozi na wino unabaki palepale. Nimefunga vidonda vya namna hiyo, vya asidi ya betri vikiwemo, na vijana wale walibaki na alama mbaya kuliko tatuu waliyokuwa wanaikimbia.

Sasa leza. Mwanga wake unapenya ngozi ya juu na kunywewa na wino. Chembe za wino zinapata joto ghafla mno, kwa muda mfupi kiasi kwamba ngozi inayozizunguka haiwahi kuungua, nazo zinapasuka vipande vidogo. Msingi huo waliueleza Anderson na Parrish, madaktari wa Marekani, mwaka 1983. Lakini mashine haiutoi wino mwilini. Kazi hiyo inafanywa na mwili wenyewe. Seli za kinga, ambazo ndizo zilizoumeza wino na kuushikilia miaka yote, zinauachia, na vile vipande vidogo vya kutosha vinasafirishwa na mishipa ya limfu. Vingine vinanaswa tena na seli nyingine hapohapo. Kwa hiyo kati ya awamu moja na nyingine kunatakiwa wiki sita hadi nane, hata zaidi. Anayekuambia uende kila wiki anakula hela yako na kuichosha ngozi.

Fundi Mitambo
Niongezee upande wa mashine. Ile ya kawaida inapiga kwa nanosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde. Ya piko inapiga kwa sehemu ya trilioni. Pigo likiwa fupi zaidi, wino unavunjwa zaidi kwa mshtuko kuliko kwa joto, na vipande vinakuwa vidogo zaidi. Ya kwanza ya piko kuruhusiwa Marekani kwa kazi ya tatuu ni PicoSure, mwaka 2012, na ilisifiwa hasa kwa kijani na bluu, rangi zilizokuwa zinasumbua. Mdogo wako ana majani ya kijani. Atafute piko, hata kama ni kufunga safari hadi Dar au Nairobi.

Nesi Mstaafu
Mwanangu Fundi Mitambo, uliyoeleza ni kweli, ila kwa ngozi yetu kuna swali linalotangulia hilo: mwanga wenyewe ni wa urefu gani wa wimbi? Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, na melanini nayo inanyonya mwanga. Mashine haijui kutofautisha wino na rangi uliyozaliwa nayo. Mwanga wa nanomita 1064, unaotolewa na leza aina ya Nd:YAG, hauvutwi sana na melanini, kwa hiyo unapita na kuufikia wino mweusi. Huo ndio salama zaidi kwetu. Mwanga wa 755, ambao ndio PicoSure ilianza nao, na ule wa 532, vinanyonywa na melanini kwa wingi. Matokeo yanaweza kuwa malengelenge makubwa, mabaka meupe au mabaka meusi. Mengine yanarudi sawa baada ya miezi, mengine hayarudi.

Kwa hiyo mkiniwekea mbele leza ya nano ya 1064 na leza ya piko ya 755, kwa jina la wino mweusi kwenye mkono mweusi nachagua nano bila kusita. Siku hizi zipo piko zenye 1064. Mkiipata na bei mnaimudu, hiyo ni nzuri zaidi. Lakini bango la "piko" mlangoni peke yake lisiwavute.

Tatizo liko kwenye ua. Nyekundu inataka 532, kijani kinataka 755 au 694, na zote hizo ni hatari kwetu. Jina litafutika vizuri kabla ya ua. Na kama fundi alichanganya wino mweupe kung'arisha petali, mwambieni daktari mapema, kwa sababu wino mweupe na ule wa rangi ya ngozi unaweza kugeuka mweusi ukipigwa leza.

Fundi Wino Mabatini
Mimi nachora, na kufunika tatuu ni sehemu ya kazi yangu, lakini kwa huyu kijana siishauri. Mchoro wa kufunika lazima uwe mkubwa na mweusi kuliko wa chini. Kwa anayetaka polisi ni kuongeza tatizo. Njia hii inamfaa mtu asiyetaka tena jina fulani ila hana shida na tatuu yenyewe. Na hata huyo, akipigwa leza awamu chache kwanza ili wino wa zamani upauke, mimi napata nafasi ya kuchora kitu kizuri badala ya kumjazia weusi mkono mzima.

Jambo jingine: muulizeni aliyechora alitumia nini. Tatuu za mtaani, za sindano ya kushonea na wino wa kalamu au masizi, mara nyingi zina wino kidogo na hutoka kwa awamu chache kuliko za mashine.

Dada Pasiansi
Mimi nimefuta ya begani kwa leza, nieleze inavyokuwa. Walipiga picha kwanza, wakajaribu sehemu ndogo, wakaniambia nikarudi nyumbani nikaangalie ngozi itakavyoitikia. Hilo lilinipa imani nao. Siku ya kazi wakapaka krimu ya ganzi, tukakaa karibu saa nzima. Miwani mnavaa wote, wewe na anayepiga. Asiyewapa miwani ondokeni, mwanga ule unapofua. Kupigwa kwenyewe ni dakika chache tu, ila maumivu yapo, ni mafuta ya moto yanayokurukia ukikaanga sangara. Papo hapo tatuu inageuka nyeupe kabisa. Usishangilie, huo ni mvuke ulionaswa kwenye ngozi, unapotea ndani ya nusu saa hivi na tatuu inarudi ilivyokuwa.

Baadaye panavimba, pengine malengelenge. Usiyatumbue. Safisha taratibu, paka vaselini, funika kwa bandeji safi, ukoko uache udondoke wenyewe. Wiki za mwanzo utaona hakuna kilichobadilika na utakata tamaa. Kupauka kunakuja polepole, hata mwezi wa pili bado kunaendelea. Yangu imebaki kivuli hafifu ambacho nakiona mimi tu, na nimeridhika.

Nyegezi Juu
Asanteni sana. Shikamoo Mama Nesi. Sasa ni awamu ngapi kwa ujumla? Na kukata je, si kunamaliza siku moja?

Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Tatuu ya fundi mwenye mashine mara nyingi inataka awamu sita hadi kumi na mbili, wengine zaidi. Kirby na Desai walitoa kipimo mwaka 2009 cha kukadiria: wanaangalia rangi ya ngozi, mahali tatuu ilipo, rangi za wino, wingi wake, kovu lililopo, na kama imechorwa juu ya nyingine. Ya mkononi inachelewa kuliko ya shingoni au kifuani. Sigara nayo inachelewesha; akivuta, aache. Weka hesabu ya mwaka mmoja na zaidi, na bei ulizeni ni ya awamu au ya kazi nzima.

Kukata kunamaliza haraka kama tatuu ni ndogo. Daktari anatia ganzi, anaondoa kipande cha ngozi, anashona. Hakuna wino unaobaki, linabaki kovu la mstari. Jina lenye ua pembeni ni kubwa kwa mkono, ngozi itavutika. Na kama kwenu kuna watu wenye keloidi, kovu hilo linaweza kuwa tatizo jipya.

Ukerewe Kwetu
Mimi ni mvuvi wa dagaa na nina tatuu ninayotaka kuitoa. Nikifanya leza naweza kurudi ziwani lini?

Nesi Mstaafu
Baba, mpaka ngozi ifunge kabisa, malengelenge na ukoko viishe. Maji ya ziwa kwenye kidonda kibichi yanaleta maambukizi, na ndani ya mtumbwi hakuna namna ya kukikinga. Panga awamu kwenye zile siku za mwezi mkali ambazo hamtoki. Jua nalo ni adui. Huku kwetu karibu na ikweta linachoma mwaka mzima, na ngozi iliyopigwa jua inaongeza melanini, hivyo leza inaishika ngozi badala ya wino. Vaa shati la mikono mirefu kabla na baada.

Nyegezi, mpeleke mdogo wako kwanza kwa daktari wa ngozi, hata hospitali ya Bugando, aangalie kama ana keloidi au kama wino mwekundu unamwasha na kuvimba. Ukiwa unamwasha, leza inaweza kuutawanya na kuamsha mzio mwili mzima. Akiruhusiwa, waulizeni wenye mashine mambo matatu: ina 1064, wameshafuta tatuu kwenye ngozi nyeusi na picha zake zipo, na watakubali kujaribu sehemu ndogo ya jina na nyingine ndogo ya ua, kila moja peke yake. Wakisema mashine yao ni ya IPL, ile ya kumulika mwanga mkali usio wa leza, hiyo ni ya nywele na mabaka, si ya tatuu, itamuunguza. Jaribio likishafanyika subirini wiki kadhaa, kisha uje utuambie lile la ua limeacha nini.