Mtoto akishinda mwaloni, samaki wanaposhushwa, badala ya darasani, kaya ikatwe ruzuku?

Mkazi wa Kayenze (mtoa mada)

Wadau, heshima kwenu. Kila tukikaa kikao cha mtaa na suala la utoro likaguswa, hukumu inatoka haraka: mzazi anayepokea hela ya TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaolipa kaya maskini, na mtoto haonekani shuleni, akatwe. Watu wanapiga makofi, tunaingia ajenda nyingine. Mimi napinga, na safari hii naomba tulijadili mpaka mwisho.

Kwa wasioujua utaratibu: malipo haya yenye masharti yalijaribiwa kwanza mwaka 2010 huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kisha yakasambazwa nchi nzima chini ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Kaya inatajwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, inajaziwa dodoso, ikipita inalipwa kila baada ya miezi miwili. Ndani ya malipo kuna fungu la msingi na fungu la masharti. Sharti la elimu ni kwamba mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Katika kipindi cha kwanza fungu hilo lilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mtoto wa shule ya msingi na 4,000 kwa aliye kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwalimu anajaza fomu ya mahudhurio, fomu inakwenda halmashauri, na mtoto asipofikisha kiwango, malipo ya kaya yanapungua.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo ziwani, huku kwetu Ziwa Victoria. Mwezi ukiwa na siku 20 za masomo, asilimia 80 ni siku 16. Akikosa tano tu, ameshaanguka. Na dagaa wanavuliwa wakati wa giza, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu ya kuwavuta. Giza likiingia kazi inakwenda mfululizo, usiku baada ya usiku.

Pita kwenye mialo ya upande wetu huu saa kumi na mbili asubuhi. Mitumbwi imerudi, ndoo zinapokezanwa, na kina mama wanawahi kuanika. Katikati yao yuko mtoto wa darasa la nne, sweta la shule kalifunga kiunoni, mikono inang'aa magamba, anatandaza dagaa mmoja mmoja wasije wakashikana wakaoza. Jua likikolea inabidi awageuze. Ujira wake ni kopo la dagaa, na kopo hilo ndilo mboga ya nyumbani kwao jioni. Anapomaliza, wenzake wako kipindi cha tatu. Anajua akiingia atachapwa kwa kuchelewa, kwa hiyo siku hiyo haendi kabisa.

Niambieni, kati ya kopo la kila asubuhi na fungu dogo la mwezi ambalo huenda likapungua miezi miwili baadaye, mama ataogopa kupoteza lipi? Ukimkata, unaondoa hela kwenye nyumba ambayo upungufu wa hela ndio uliompeleka mtoto mwaloni. Wanaoumia ni pamoja na wadogo zake ambao hawajakosa shule hata siku moja.

Msimamo wangu: mpango wowote utakaofuata usikate malipo kwa sababu ya utoro. Fomu ya mahudhurio ibaki, lakini kazi yake iwe kumpeleka mtu nyumbani kwa mtoto kuuliza kuna nini. Karibuni.

Mwalimu wa Zamu

Ndugu mtoa mada, umelitazama kutoka ufukweni. Mimi nalitazama kutoka darasani, shule ya msingi iliyo karibu na ziwa, sitaitaja.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne, watoto walimiminika, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini ruzuku ya uendeshaji ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Humo hakuna hela ya kumtuma mtu nyumba kwa nyumba. Mimi nina zaidi ya watoto mia moja darasani. Nguvu pekee niliyonayo kwa mzazi ni ile fomu. Wiki ya kujaza fomu, mahudhurio yanapanda, naona kwa macho yangu. Mkiliondoa sharti, nitabaki na maneno matupu.

Tena tusiwasafishe wazazi wote. Wapo wanaotuma mtoto kwa sababu kuna njaa kweli. Wapo pia wanaume wanaokunywa hela ya kopo.

Mama wa Mwaloni

Wanangu, mimi napokea hiyo hela, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Mwalimu, hela inachelewa. Kuna nyakati mwezi wa malipo unapita, unafuata mwingine, simu haiiti. Lakini fomu yako haichelewi. Mimi natakiwa nitimize sharti kila mwezi, anayetakiwa kunilipa hatimizi, na hakuna anayemkata.

La pili, shule ni bure lakini si bure. Tunaambiwa mchango ni wa hiari. Mtihani wa kila mwezi una mchango, uji una mchango, mlinzi ana mchango. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa mchango, siku hiyo kwenye daftari lako yupo au hayupo?

Mwalimu wa Zamu

Mama yangu, shikamoo. Kumrudisha mtoto kwa sababu ya mchango ni kosa, na anayefanya hivyo anavunja waraka wa serikali. Mimi sirudishi mtu. Ila najua kunakofanyika.

Na kwa kuwa tumefika hapa niseme jambo jingine. Wapo walimu wanaomjazia mtoto "yupo" wakati hayupo, kwa huruma, kwa sababu wanajua nyumbani hakuna kitu. Siwalaumu sana.

Mkazi wa Kayenze (mtoa mada)

Shikamoo mama. Mwalimu, asante kwa kulisema hilo wazi, maana kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Adhabu ikifungwa kwenye daftari la mahudhurio, daftari linaacha kusema ukweli. Mwalimu mwenye huruma anaandika uongo ili mtoto ale, halmashauri inapokea fomu safi, na yule mtoto wa mwaloni anapotea kabisa kwenye macho ya serikali. Ameandikwa yupo darasani. Nani atamtafuta? Ukiondoa makato, mwalimu hana tena sababu ya kuficha, na kila alama ya "hayupo" inakuwa taarifa ya kweli inayoweza kumfikia afisa ustawi wa jamii.

Mdadisi wa Malimbe

Naomba tusibishane kwa hisia tupu. Kuna utafiti uliofanyika wilaya ya Zomba, Malawi, mwaka 2008 na 2009, matokeo yakachapishwa 2011. Wasichana waligawanywa: wapo waliopewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, na wapo waliopewa bila sharti lolote. Waliowekewa sharti waliacha shule kwa kiwango kidogo zaidi. Kwa hiyo mwalimu haongei kwa kubahatisha. Masharti yanafanya kazi.

Mkazi wa Kayenze (mtoa mada)

Mkuu, soma na nusu ya pili ya utafiti huohuo. Mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi kwa wasichana waliopewa bila sharti, na tofauti hiyo ilitoka hasa kwa wale waliokuwa wameacha shule. Sababu inaeleweka: wao hela iliendelea kuwafikia. Aliyekuwa chini ya sharti, alipoacha masomo, hela nayo ilikoma siku hizohizo.

Nakuomba ulifikirie hilo ukiwa umesimama kwenye mwalo. Binti wa miaka kumi na mitano ameacha shule, nyumbani wamekatwa fungu lake, na hapo ufukweni kuna wanaume waliolipwa hela ya usiku mzima asubuhi hiyo. Huyo ndiye anayehitaji msaada kuliko aliyeketi darasani, na ndiye ambaye sharti linamtupa nje. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi shule. Nimeupokea uamuzi ule kwa moyo wote. Lakini anarudije, na mtoto anamwachia nani, kama hakuna senti nyumbani?

Tena uangalie Moroko, mpango wao wa Tayssir. Wazazi walipewa fedha ndogo wakaambiwa hii ni ya shule ya watoto, bila kuhesabiwa mahudhurio. Watoto walibaki shuleni kwa wingi, na kundi lililoongezewa masharti halikufanya vizuri zaidi.

Mdadisi wa Malimbe

Hoja ya Zomba umeijibu sawasawa, nakubali. Basi nipendekeze njia ya Brazili. Kwenye Bolsa Família, familia isiyotimiza mahudhurio inaanza kwa onyo, hela haiguswi. Ikirudia malipo yanazuiwa kwa muda, kisha yanasimamishwa, na watu wa ustawi wanatakiwa waifuatilie familia kujua tatizo. Kufutwa ni hatua ya mwisho kabisa. Hapo mwalimu anabaki na nguvu yake na mama hapigwi ghafla.

Mwalimu wa Zamu

Hiyo naiunga mkono bila shida.

Ng'wana Magu

Mimi nitasema kifupi. Mnahangaika na ruzuku wakati mtoto anatafuta chakula. Shule ikipika mchana, siku za giza na siku za mwezi, atakuja mwenyewe. Sisi wakulima huku Magu tulichangia mahindi na maharage kupitia kamati ya shule na tukaona tofauti. Ziwani mna dagaa, mnashindwaje?

Binti wa Ukerewe

Habari za humu. Nimesoma kuanzia juu na kuna mtu hajatajwa kabisa: mwenye dagaa.

Mtoto yule wa darasa la nne hajiajiri. Kuna mtu anamiliki mtumbwi, kuna mtu ananunua ndoo na kuanikisha. Huyo ananufaika kwa kumlipa mtoto kopo badala ya kumlipa mtu mzima hela. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, tena isiyomzuia kusoma, na inakataza kazi za usiku kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto wa darasa la nne hajafika 14. Mtumbwi unaofika alfajiri na kupakuliwa na watoto unavunja sheria kila siku ya giza, mbele ya watu wazima wote. Lakini anayeitwa kwenye kikao ni mama mwenye kaya maskini, anatishiwa fungu lake.

Na kwako mtoa mada, hilo la afisa ustawi wa jamii kwenda nyumbani ni zuri kwa mliopakana na mjini. Huku kwetu kuna visiwa vya kambi za wavuvi. Samaki wakihama, watu wanahama na mitumbwi, na mtoto aliyeandikishwa Nansio unamkuta kisiwa kingine ambako shule haipo. Afisa atamfuata kwa usafiri upi? Nani atalipa mafuta ya boti?

Kila mwalo una BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kinachotambuliwa na sheria. Wanajua kila mtumbwi na mwenye nao. Wakiamua mtoto wa umri wa shule haonekani mwaloni saa za masomo, na atakayemtumia anatozwa faini ya BMU, jambo hili litabadilika ndani ya giza moja. Wameweza kukamata nyavu haramu. Hawashindwi na hili.

Mkazi wa Kayenze (mtoa mada)

Dada, hapa umenipa nilichokuwa natafuta. Tunamwadhibu asiye na kitu kwa sababu yuko kwenye orodha na ni rahisi kumpata. Mwenye mtumbwi hayuko kwenye orodha ya TASAF, kwa hiyo hatumfikirii. Kuhusu visiwa uko sahihi, na ndiyo maana ningependa taarifa ya utoro ianzie kwa mwenyekiti wa kitongoji na BMU, watu walio palepale, ndipo ipande kwa afisa ustawi ikishindikana.

Mama wa Mwaloni

Binti yangu, umesema kweli tupu kuhusu wenye dagaa. Lakini faini ikianza kesho asubuhi, kopo langu limeondoka kesho asubuhi. Hela ya TASAF ije kwa wakati kwanza. Na huyo mwenye ndoo aniajiri mimi kwa hela, mwanangu aende shule. Mimi mikono ninayo.

Mkazi wa Kayenze (mtoa mada)

Mama, naliandika kama ulivyolisema. Mkutano mkuu wa mtaa wetu ujao nitaomba ajenda ya utoro ifunguliwe upya na nitapeleka mambo haya: onyo na kutembelewa nyumbani kabla ya shilingi yoyote kuguswa, fungu la mtoto aliyeacha shule lisifutwe mpaka ijulikane yuko wapi, BMU watoze faini mwenye mzigo, na kazi ya kuanika wapewe kina mama wa kaya za walengwa kwa malipo ya fedha, na malipo yakichelewa, sharti la kipindi hicho lisihesabiwe. Mpango una ajira za muda kwa walengwa, sioni kwa nini vichanja vya kuanikia dagaa visijengwe kwa utaratibu huo.

Walio kwenye uongozi wa BMU, Ilemela, Sengerema, Buchosa, popote mlipo, semeni: mmewahi kumtoza faini mtu kwa kutumia mtoto mwaloni, na alilipa? Mwalimu, nawe nakuomba jambo moja. Giza lijalo hesabu wanaokosekana darasani kwako, andika walivyo bila kumfichia mtu, uilete hapa bila majina.

Mwalimu wa Zamu

Nitaleta.