Kikundi: Ukoo wa Bibi Mkubwa

[19:02] Da Zuhura: Kuna barua pepe ina jina la Mjomba Hamisi, kichwa "Ankara ya kikao". KIAMBATISHO MSIFUNGUE. Aliyeipata aseme.

[19:20] Da Zuhura: Watu 14 mmesoma. Mmenyamaza kama mnadaiwa.

[19:26] Salimu: nimeipata. Ni zipu (faili lililobanwa), nenosiri wameliandika humo humo kwenye barua. Nimeshaikunjua ila ndani sijagusa. PDF tu dada

[19:27] Da Zuhura: Wameifunga ili kichujio cha barua pepe kisiweze kuchungulia ndani. Nenda kwenye folda, bonyeza View, halafu Show, weka tiki kwenye File name extensions. Nipe jina zima.

[19:31] Salimu: Ankara_ya_kikao.pdf.exe 😳 mbona alama yake ni ya PDF kabisa?

[19:32] Da Zuhura: Exe ni programu, na hubeba picha yoyote inayotaka. Angalia herufi za baada ya nukta ya mwisho, hizo ndizo zenye kauli. Windows huzificha usipoiambia. .scr, .js, .vbs na .lnk ni ndugu zake.

[19:33] Kibe: Ndugu kama sisi, wanaonekana siku ya sherehe tu 😂

[19:33] Da Zuhura: Kibe. Salimu, futa, kisha safisha na pipa la taka.

[19:41] Mwanaisha: Mie nimeletewa ya Word. Inataka nibonyeze Enable Content ndipo maandishi yaonekane

[19:43] Da Zuhura: Usibonyeze! Kitufe hicho kinaamsha makro, yaani programu iliyofichwa ndani ya waraka. Barua ya kawaida inasomeka bila makro. Kirusi cha Melissa mwaka 1999 kilipitia hapo hapo, kikajituma kwa anwani 50 za kwanza za kila aliyekifungua.

[19:44] Kibe: Mjomba anwani 50 azitoe wapi, hata namba zetu hana

[20:38] Mjomba Hamisi: Mimi sijatuma kitu.

[20:39] Da Zuhura: Shikamoo Mjomba, tunajua. Salimu, gusa jina la mtumaji, anwani ni yake?

[20:45] Salimu: hapana, ni herufi za ajabu ajabu

[20:46] Da Zuhura: Basi wameazima jina tu. Lakini anwani zetu wote wamezitoa kwa mmoja wetu.

[20:52] Mwanaisha: Ile diski ya picha za Bibi ingekuwa na nakala leo tusingetetemeka. Aliyekaa nayo anajijua

[20:52] Salimu: umeanza

[20:53] Mwanaisha: Nimetaja mtu?

[20:55] Da Zuhura: Nakala ziwe mbili, na moja ikae imechomolewa. Ikiachwa kwenye kompyuta, kirusi cha kufunga mafaili kinaifunga nayo.

[21:50] Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Kuanzia leo anayetuma faili apige simu kwanza. Na diski ya mama iletwe kwangu Jumapili.

[21:58] Salimu: Sawa Baba.

[22:01] Da Zuhura: Ahsante Baba Mkubwa. Nani analeta diski ya pili tupu? Mwanaisha? Kibe?

[06:13] Rehema: Samahani nililala. Hiyo ankara niliifungua juzi, haikuonyesha kitu nikaifunga. Ina shida?

[06:14] Da Zuhura: Zima Wi-Fi ya hiyo kompyuta SASA, chomoa na waya wa intaneti. Usiingie benki humo. Badili manenosiri kwa kifaa kingine, anza na la barua pepe. Halafu nipigie.

[06:20] Da Zuhura: Rehema?

[06:31] Salimu: Jumapili hiyo mimi sitakuwepo lakini