Masomo ya oteleri ao nianzie mu plonje (kuosha masahani)? (Niko Lubumbashi)

Binti_Katuba: Bayaya na bamama, jambo yenu. Nilipata diplomi ya Leta mwaka jana, sasa baba mudogo anasema atanilipia minervali (makuta ya masomo) ya miaka mbili ku masomo ya oteleri, lakini kuko restora moja katikati ya mji, banasema nianze kazi siku ya kwanza (lundi), kuosha masahani na kumenya bitunguu. Mama alikuwaka anauzisha bukari (ugali) na samaki tomsoni ku soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, miye njo nilikuwa naangalia moto, kupika iko mu damu. Naogopa miaka mbili bila mushahara, naogopa pia kuzeekea ku masahani. Mungefanya nini?

Yaya_Kampemba: Mudogo, kamata kazi. Miye nilianzia mu plonje, hakuna mutu alinifundisha kintu, lakini mwenye kuosha njo anaonaka sahani inarudia na nini, fumbwa (majani ya kupika na karanga) ikirudia nusu unajua karanga haikuiva, na mbele ya kuosha sufuria nilikuwa nalamba mwiko mupaka nilijua sosi yote ya ile nyumba. Siku moja komi (musaidizi wa shefu) hakuja, batu 80 ya ndoa banangojea, shefu akanipatia kisu, sikurudia tena ku masahani. Hata Auguste Escoffier, ule Mufaransa alipanga kazi ya jiko namna tunaifanya leo, alianzia mu restora ya ndugu ya baba yake kule Nice na miaka 13.

Nilisoma_oteleri: Yaya, ni kweli lakini haiko yote. Miye pia nilianzia kazini, miaka tatu. Tulikuwa tunatosha kuku mu frizeri asubui, anabakia pa meza mupaka anaregea, tunamukata, na pa ile planshi moja tunakatia salade. Batu ya meza moja baliugua tumbo, na kati yetu hakuna alijua ni juu ya nini, hii kintu inaniuma mupaka leo. Ku masomo njo nilijua kati ya digri 5 na 60 bidudu binazaa mbio sana, na kuku anaiva kama ndani anafika 74, unatia termometri pa paja penye nyama nyingi, isiguse mufupa. Na hesabu! Sombe (majani ya mihogo) tulikuwa tunaiuzisha bei ya kubahatisha, bila kuhesabu mafuta na makala. Kantini za mine za Fungurume na Kolwezi, kule usafi banauliza mbele ya sosi.

Mama_Malewa: Mwenye diplomi mumoja alikuja kwangu, kusonga bukari ya batu 40 ikamushinda, mwiko ulisimama katikati. Lakini ni yeye alinionyesha namna nilikuwa napoteza mafuta. Binti, nenda uulize. Ku restora: mushahara ni ngapi, nitakaa ku masahani miezi ngapi? Bakisema "tutaona", usiende. Ku masomo: muko na jiko ya kweli, ao mwalimu anachora sufuria ku tablo?

Binti_Katuba: Mama, nilienda leo. Masomo iko na majiko mbili kwa banafunzi 30, na gasi ilikwisha. Restora balisema miezi tatu ku plonje, kisha bitunguu na samaki, na mushahara balinitajia. Naanza siku ya kwanza, baba mudogo alikubali kuchunga minervali mupaka mwaka kesho, nitatafuta masomo ingine yenye jiko. Yaya_Kampemba, kisu ninunue ya namna gani?