Endometriosisi kwenye mshipa wa fahamu: homoni, kuufungua mshipa, au kuondoa kidonda chote?

Binti_Kirumba: Habari za jioni wadau. Kila hedhi ikikaribia napata maumivu tako la kulia, yanashuka nyuma ya paja hadi unyayoni. Nimetibiwa mgongo muda mrefu bila nafuu. Sasa kipimo cha picha cha MRI kimeonyesha endometriosisi, yaani tishu kama ya ndani ya kizazi inayoota nje yake, imeushika mshipa wa siatiki, ule mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka takoni hadi mguuni. Daktari kanipa njia tatu: dawa za homoni, upasuaji wa kuufungua mshipa tu, au kuondoa kidonda chote. Nyumbani wanasema nitoe kizazi yaishe. Nauza dagaa soko la Mwaloni hapa Mwanza, kutwa nimesimama. Naombeni ushauri.

Nesi_Nyegezi: Pole sana mdogo wangu. Kutoa kizazi liweke pembeni kwanza. Kidonda kiko kwenye mshipa, kizazi kikitoka, kidonda kinabaki palepale, na ovari zikiwepo zinaendelea kukilisha. Homoni kama dienogesti hukituliza na wengi hupata nafuu, ila ukiacha maumivu yanaweza kurudi, na hazilegezi kovu lililokwisha kuubana mshipa. Hebu niambie, ukitembea kandambili haikuchomoki?

Binti_Kirumba: Ya mguu wa kulia inachomoka dada. Vidole vinaburuza.

Nesi_Nyegezi: Basi usingoje tarehe ya kliniki, rudi wiki hii hii. Mguu ukianza kupoteza nguvu, mimi nisingekubali kukaa na homoni peke yake.

MamaWawili_Ukerewe: Mimi nilipasuliwa kwa matundu madogo. Kwangu ilibana mizizi ya mishipa ya fahamu inayotoka chini ya uti wa mgongo, S2 hadi S4, inayohudumia kibofu. Kovu lilikuwa nje ya mshipa, wakalibandua taratibu, mshipa ukabaki mzima. Maumivu ya mguu yaliisha, lakini mkojo ukagoma, nikafundishwa kujiwekea mpira mwenyewe. Baadaye kibofu kikarudi. Muulize daktari hilo mapema, hasa kama watagusa pande zote mbili.

Fizio_Igoma: Kuufungua mshipa na kuacha kidonda kunapunguza mbano, ila ugonjwa bado upo. Kama kiko nje ya mshipa, waondoe chote. Kikiwa kimeingia ndani, hapo ndipo pagumu: wakikata nyuzi za mshipa, mguu unaweza kulegea zaidi mwanzoni. Nyuzi huota takribani milimita 1 kwa siku, na kutoka tako hadi kifundo ni mbali. Hesabu zaidi ya mwaka, na mazoezi kila siku, pamoja na kifaa cha kushikilia kifundo. Panga nani atakaa na meza yako ya dagaa.

MamaWawili_Ukerewe: Halafu mkono wa mpasuaji ni nusu ya matibabu. Siatiki iko ndani sana, si kila bingwa wa wanawake amefundishwa kufika huko. Daktari Marc Possover wa Uswisi ameifanya kazi hiyo kuwa fani yake kabisa.

Nesi_Nyegezi: Kweli. Anzia Bugando, ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya kanda. Muulize anayekupasua: mshipa huu umewahi kuufikia? Bingwa wa mishipa ya fahamu atakuwepo? Kama jibu ni hapana, omba rufaa ya mbele. Ubebe na CD ya MRI, si karatasi ya majibu tu, wapasuaji hutaka kuona picha wenyewe.

Binti_Kirumba: Asanteni sana. CD ninayo. Kesho asubuhi napanda Bugando, mdogo wangu atakaa na meza.