Vichujio vya intaneti shuleni na maktaba: ufunguo akae nao nani?

Wadau, tulijadili hili bila jazba. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia. Juzi kidato cha tatu walikuwa maabara ya kompyuta wakitafuta habari za saratani ya matiti. Kila ukurasa wanaofungua, onyo jekundu: umezuiwa. Kichujio, yaani programu ya kuzuia kurasa zisizofaa, kilikuwa kimenasa neno la Kiingereza la titi, basi. Dakika 40 za kipindi zikaishia hapo. Kumbe vijana wa meza ya nyuma wanachekea chinichini. Nikachungulia: hadithi ya chumbani, Kiswahili kitupu, imepita bila hodi!

Watetezi wa vichujio hupenda kutaja Marekani. Ni kweli, sheria yao ya kulinda watoto mtandaoni (CIPA) ya mwaka 2000 inazitaka shule na maktaba zinazopata punguzo la serikali kwenye gharama za intaneti ziweke vichujio, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kuwa kwa upande wa maktaba haivunji katiba, majaji 6 kwa 3. Ila kuna kipande huwa kinarukwa: mtu mzima akiomba, mkutubi anaruhusiwa kumfungulia. Majaji waliuegemea sana mlango huo. Kwetu je? Nilipouliza, nikaambiwa nenosiri la kufungua kichujio analo fundi aliyefunga mashine, na fundi yuko mkoani.

Sipingi kuchuja, nami nina watoto. Nasema ufunguo akae nao mwalimu.

Mzazi: Pole mwalimu, lakini darasa lina watoto 60 na wewe una macho mawili. Hao wa meza ya nyuma umewaona kwa bahati tu. Ukishafungua, kengele ikilia utakumbuka kufunga? Heri wakose kipindi kimoja.

Mkutubi: Mzazi, na simu anayoazima mtoto kwa kaka yake jioni, hiyo imechujwa na nani? Mimi nina kompyuta nne, nimezigeuza skrini zote zitazame kaunta. Hilo limenisaidia kuliko kichujio. Nenosiri ninalo mwenyewe, anayetaka kufunguliwa anakuja kunieleza anatafuta nini. Sasa mwalimu, hapo ndipo ninapokwama na hoja yako. Wavulana wa mpira na michezo ya kompyuta wanakuja bila aibu. Binti anayetaka kusoma habari za ujauzito haji. Atakujaje kuniambia mimi, ninayeuziana maandazi na mama yake?