Ulinganisho: Kati ya albamu tatu za A-ha za miaka ya 80, ipi inunuliwe kwanza?

Utepe wa Sitini (Morogoro), mleta mada

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wenu katika jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo, ila mimi limenisumbua wiki nzima. Mpwa wangu, kijana wa miaka 20, amejinunulia mashine ya kuchezea santuri, na kwa kuwa nimemchosha miaka mingi kwa kumpigia A-ha, bendi ya pop ya Norway, kila nimpakiapo garini, ameniomba nimchagulie santuri moja ya bendi hiyo. Moja tu, maana bei ya santuri mpya pamoja na gharama ya kuisafirisha si ya mchezo.

Nimezichuja hadi zikabaki tatu, zile zilizotoka ndani ya muongo wenyewe: Hunting High and Low ya mwaka 1985, Scoundrel Days ya 1986 na Stay on These Roads ya 1988. Kila moja ina nyimbo kumi, na zote tatu zilipanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati ya albamu ya Uingereza zikagota hapohapo, kwa hiyo chati hiyo haitusaidii kukata shauri. Marekani ndiko zilikoachana mbali: ya kwanza ilifika nafasi ya 15, ya pili 74, na ya tatu 148.

Nikiri upendeleo wangu mapema ili nisije nikalaumiwa baadaye. Mwaka 1987, nikiwa kidato cha pili, nilipeleka kaseti tupu ya dakika 60 kwenye kibanda cha kurekodi, na fundi akanirekodia Scoundrel Days, nyimbo tano kila upande, kisha dakika zilizobaki akazijaza rumba bila kuniuliza. Nyimbo mbili zilinigombanisha naye. Katika I've Been Losing You, muziki unakatika kabla ya mwisho na kimya kinatanda. Niliinuka kwenda kuzima redio, na kabla kidole hakijafika kwenye kitufe ngoma zikarudi. Huo nilimsamehe. Lakini wimbo wa kufunga, The Soft Rains of April, unakatwa neno la mwisho likiwa bado mdomoni mwa mwimbaji, na mara rumba ikaingia. Nilirudi kibandani nimevimba kwa hasira, nikidai nimeibiwa mwisho wa wimbo. Fundi aliurekodi upya mbele yangu, ukakatika palepale, naye akaniangalia tu bila kusema neno. Pesa ya pili hakunitoza.

Kwa hiyo mimi naelekea kwenye ya pili. Nipingeni kwa hoja.

Binti wa Tononoka (Mombasa)

Kaka, pole na fundi wako, lakini kumpa kijana albamu ya pili kabla ya kwanza ni sawa na kumkaribisha mgeni kwa kumpitishia mlango wa uani. A-ha ni Hunting High and Low, na Hunting High and Low inafunguka kwa Take On Me.

Sisi tuliuona wimbo huo kabla ya kuusikia vizuri. Jirani yetu alikuwa na deki, na ndani ya mkanda mmoja wa video uliojaa nyimbo za kila namna kulikuwa na ule wa msichana aliyekaa mkahawani anasoma kitabu cha picha, mara mkono wa penseli unachomoza kutoka kwenye ukurasa na kumwalika aingie. Tuliurudisha nyuma mara nyingi hata picha ikaanza kuingia michirizi mahali pale pa mkono, na mwenye deki akatupiga marufuku. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojifunza kilichofanyika: mwongozaji Steve Barron aliwapiga picha watu halisi, kisha wachoraji wakazichora picha zile kwa mkono, moja baada ya nyingine, karibu michoro 3,000. Mwaka 1986 video hiyo ilizoa tuzo sita za MTV.

Na ningependa kijana aelewe kwamba wimbo wenyewe haukudondoka kutoka mbinguni. Ulitolewa mwaka 1984 ukiwa umetayarishwa na Tony Mansfield, haukwenda popote. Ukarekodiwa upya na Alan Tarney, ukapata video, na Oktoba 1985 ukawa nambari 1 Marekani. Uingereza uliishia nambari 2. Wimbo wao uliofika kileleni huko ni The Sun Always Shines on T.V., Januari 1986, nao umo ndani ya albamu hiyohiyo. Sasa albamu yenye nyimbo mbili za namna hiyo, unaiwekaje pembeni?

Utepe wa Sitini (Morogoro)

Dada, nakuelewa, lakini umenipa hoja yangu bila kujua. Karibu kila ulichokisifu umekisifu kwa macho. Sisi wa Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994 (wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70, na hawakuacha kutukumbusha). Take On Me tuliipokea kwa masikio matupu: wimbo wa kuchangamsha, kinanda kitamu, jamaa anapaza sauti mwishoni. Hatukujua habari ya penseli wala mkahawa. Mpwa wangu naye ataweka santuri, hataweka video. Swali langu ni kama albamu ya kwanza, ukiisikiliza umefumba macho, inazishinda hizo nyingine.

Mpiga Kinanda (Dodoma)

Ndugu mleta mada, swali hilo linajibika, nami nimezipiga nyingi kati ya nyimbo hizi kwenye bendi za harusi, kwa hiyo nitajibu kama fundi.

Kwanza tumtendee haki Take On Me, maana "kinanda kitamu" ni kuidharau. Mdundo ule ni wa mashine ya ngoma, na kinanda kinarukaruka juu yake kwa kasi ambayo ukichelewa kidogo tu kila mtu ukumbini anajua. Lakini mtego wenyewe uko kwenye kiitikio. Kinaanzia chini kabisa ya sauti ya Morten Harket, mwimbaji wa A-ha, kisha kinapanda hatua kwa hatua hadi kwenye ile sauti nyembamba ya juu, mwendo wa zaidi ya oktava mbili ndani ya sentensi chache. Mwimbaji wetu hakufika. Tukashusha ufunguo ili afikie kilele. Kilele akakifikia, lakini neno la kwanza likazama chini kiasi kwamba hata maikrofoni haikulisikia. Tukapandisha kidogo, tukapoteza vyote viwili. Tuliuondoa kwenye orodha, tukabaki tunaupiga bila maneno wakati wa chakula.

Sasa ulinganisho. Hunting High and Low ina vilele virefu kuliko zote, ila ina mabonde pia. Upande wa kwanza hauna kasoro: kuanzia Take On Me hadi Living a Boy's Adventure Tale huwezi kuinua sindano. Upande wa pili unaanza na The Sun Always Shines on T.V., kisha unalegea. Love Is Reason, kwa maoni yangu, ni wimbo wa kujazia nafasi. Unajikomboa mwishoni na Here I Stand and Face the Rain.

Scoundrel Days haina kilele cha Take On Me, lakini haina bonde. Hapa ngoma za mpigaji halisi zinasikika waziwazi, hasa katika I've Been Losing You, na gitaa la Pål Waaktaar, ambaye ndiye mtunzi mkuu, linapewa nafasi ya kuuma. Sikiliza Manhattan Skyline: beti zinatembea polepole, kinanda na sauti laini kama mtu anayeaga, kisha kiitikio kinaangusha gitaa zito bila kubisha hodi. Waliokuwa wakiwaita A-ha bendi ya mabango ya kubandika ukutani hawakufika hapo. Stay on These Roads nayo ina sauti bora kuliko zote za Harket, lakini imepangwa ovyo. Touchy! ni wimbo wa kucheza uliopachikwa katikati ya nyimbo za huzuni kama mtu aliyekosea msiba akadhani ni harusi.

Kura yangu: ya pili, kwa kukaa kwenye mashine bila kurukwa.

Mzee Santuri (Tanga)

Vijana, mnajipa taabu bure. Mwaka 1991 walitoa mkusanyiko uitwao Headlines and Deadlines, una vibao vyao vyote vikubwa. Nunueni huo, mlale.

Utepe wa Sitini (Morogoro)

Mzee wangu, shikamoo. Mkusanyiko ni mzuri kwa safari, lakini kijana anataka kusikia albamu kama ilivyopangwa, upande kwa upande. Mkusanyiko ukimpa Take On Me, hautampa The Weight of the Wind ya Scoundrel Days.

Mzee Santuri (Tanga)

Marahaba. Hapo umesema kweli, The Weight of the Wind nilikuwa nimeisahau. Najitoa.

Mkazi wa Oslo

Nimeufuatilia uzi huu nikiwa kazini na nimeshindwa kuvumilia, kwa sababu Stay on These Roads imehukumiwa bila wakili.

Nimeishi Norway miaka 22. Nilipokuwa Dar es Salaam, nyimbo za A-ha nilizipenda kama nilivyopenda za Waingereza, kwa maana sikutofautisha. Niliwadhania Waingereza hadi nilipofika hapa. Majira ya baridi ya kwanza ndiyo yaliyonifafanulia. Kuna kipindi cha Desemba ambapo hapa Oslo jua linachomoza baada ya saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, tena lenyewe limelala chini kana kwamba limechoka. Nilikuwa natoka kituo cha basi kwenda nyumbani, barabara nyeupe, hakuna mtu, na wimbo Stay on These Roads ukaanza masikioni. Unaanza polepole sana, kinanda kikiwa kama upepo wa mbali, na Harket haharakishi neno hata moja. Nilisimama. Mambo ambayo Mpiga Kinanda anayaita mpangilio wa ovyo, huku ndiyo hali ya hewa yenyewe: wiki nzima ya giza, kisha siku moja ya jua ambapo kila mtu anatoka nje kama kichaa. Hiyo ndiyo Touchy!

Albamu hiyo pia ina The Living Daylights, wimbo wa filamu ya James Bond ya mwaka 1987, waliouandika pamoja na John Barry, mtunzi wa muziki wa filamu hizo. Ushirikiano wao haukuwa wa amani, na kwenye albamu wakaurekodi upya kwa namna yao. Mtu anaweza kununua santuri hii kwa ajili ya kulinganisha matoleo hayo mawili tu.

Nami nikiri upendeleo. Tarehe 4 Desemba 2010 nilikuwa ndani ya ukumbi wa Oslo Spektrum katika onyesho waliloliita la kuaga. Watu wazima wenye mvi walikuwa wanalia wameshikana mabega. Miaka mitano baadaye wakarudi na albamu mpya, Cast in Steel, na machozi yale hakuna aliyeturudishia. Hata hivyo, kinachonishangaza kuliko yote si Oslo. Januari 1991, wakati Marekani walishawasahau, walipiga kwenye uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro mbele ya watu 198,000 waliolipa kiingilio, idadi iliyoingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Anayesema hii ni bendi ya wimbo mmoja awaulize Wabrazili.

Binti wa Tononoka (Mombasa)

Ndugu wa Oslo, umeandika vizuri hadi nimeisikiliza tena hiyo ya tatu usiku huu. Wimbo wenye jina la albamu nakukubalia kwa moyo wote, pamoja na The Blood That Moves the Body. Lakini mpwa wa watu yuko Morogoro. Hana theluji wala kituo cha basi cheupe. Itamchukua muda mrefu kufika ulipofika wewe.

Na wewe kaka wa Morogoro, nimeifikiria hoja yako ya macho. Nilifanya jaribio: nilizima taa nikasikiliza upande wa kwanza wa Hunting High and Low, nikijilazimisha nisiione penseli. Nimeshindwa. Mkono ule unatoka kila kinanda kinapoanza. Labda siwezi tena kuwa hakimu wa albamu hiyo, na siombi kuponywa.

Mpiga Kinanda (Dodoma)

Mkazi wa Oslo, nimeupokea utetezi wako kuhusu Touchy! Sijaukubali, ila nimeupokea.

Utepe wa Sitini (Morogoro)

Wanajukwaa, nimerudi na mrejesho. Kabla ya kuagiza, niliona ni haki mhusika mwenyewe asikie, kwa hiyo jana mpwa wangu alikuja na tukazipiga zote tatu kwenye simu yake, tukiwa tumeiunganisha na spika ya mezani, bila kumwambia mnasema nini.

Albamu ya kwanza aliijua zaidi kuliko nilivyodhani, kwani video ya Take On Me ameitazama YouTube kama ilivyoitazama nusu ya dunia. Ilivuka watazamaji bilioni moja mwaka 2020. Ya tatu aliisikiliza kimya, akaniomba nimrudishie wimbo wa kwanza mara mbili. Ndugu wa Oslo, hilo nilitaka ulijue.

Kisha tukaweka Scoundrel Days. I've Been Losing You ilipokatika alinyoosha mkono kuelekea simu, ngoma zikarudi, akacheka. Nikanyamaza. Tuliendelea hadi The Soft Rains of April. Alikuwa ameegemea kiti, macho kayafumba, na nilikuwa nahesabu sekunde moyoni. Neno la mwisho likakatwa palepale lilipokatwa mwaka 1987. Akafumbua macho, akaiangalia simu, kisha akaniangalia mimi.

"Mjomba, bando limekata?"

Nimeshaagiza ya pili.